Fundi Aliyengoja Zamu ya Kaka Yake

Ukuta wangu wa nyuma ulikuwa pia ukuta wa karakana ya Tobias. Nyundo yake nimeisikia miaka ishirini na mmoja, kwa hivyo nina haki ya kumsimulia kuliko mtu yeyote pale mtaani Mbotela, Nairobi. Wengine watakuambia alikuwa mtu mpole. Alikuwa mpole, sikatai. Lakini upole wa mtu unaweza kukutia hasira mpaka ukatamani kumrushia mwiko, na mimi niliutamani mwiko huo mara nyingi.

Naitwa Nabalayo, ingawa mtaani nilikuwa Mama Masinde tu. Nilihamia pale mwaka 2003 nikiwa mpishi wa shule. Nyumba zetu ni zile za zamani za jiji, vyumba vidogo, bomba la pamoja, na nyuma ya kila safu kuna kipande cha ardhi chembamba ambacho si cha mtu na hapohapo ni cha kila mtu. Wenzetu walijaza vipande vyao vibanda vya kupangisha. Tobias alisimamisha nguzo nne, akaezeka mabati yaliyokwisha kutumika, akaweka meza nzito yenye jiliwa la chuma la kubania mbao, ikawa karakana. Alikuwa seremala wa reli. Maisha yake yote ya kazi alitengeneza viti na madirisha ya mabehewa, na hata alipostaafu alipima kigoda cha jikoni kana kwamba kitapita darajani na abiria mia juu yake.

Uwanja ule aliufanya ukakalika, hilo lazima niliseme. Zamani maji ya kufulia yalikuwa yakituama mlangoni kwangu. Yeye alichimba mfereji, akaupimia mteremko kwa kamba na pimamaji, akaumwagia saruji, na tangu hapo hatukuruka dimbwi tena. Alitujengea jukwaa la kufulia lenye kimo cha kiuno ili tusivunjike migongo. Nguzo zake za kuanikia nguo hazikuinama hata tulipoanika blanketi tatu pamoja. Banda la kuku wangu lilikuwa na bawaba nzuri kuliko za mlango wangu mwenyewe. Ukimwambia rafu imelegea anakuja na penseli sikioni, anapima mara tatu, anaondoka, nawe unakaa wiki mbili ukimngoja.

“Baba Jacky,” nilikuwa nikimwambia, “hii ni rafu ya vikombe, si ya magunia ya saruji.”

“Mama Masinde,” ananijibu bila kuinua macho, “kitu cha kufanywa nusu, mimi naona afadhali kikae.”

Wakati ule nilikuwa nacheka.

Kazi yake hasa ilikuwa ile aliyoifunika turubai upande wa ukuta wangu. Kulikuwa na milango mitano ya mvule, fremu sita za madirisha mapana kama ya behewa la daraja la kwanza, na kenchi za paa zilizofungwa mafungu mafungu. Kila kipande kilikuwa na namba ya rangi nyeupe. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli alivipaka vyote oili chafu ya magari kuzuia mchwa, na nguo zangu zikanuka gereji wiki nzima. Ilikuwa nyumba kamili, imelala kwa vipande Mbotela, ikingoja kupelekwa kwao Ugenya. Niliikuta inangoja.

Mwaka wangu wa pili pale nikamuuliza mkewe. Jina lake lilikuwa Apondi, mwanamke mrefu, mkimya, anayeziba mdomo kwa kiganja akicheka. Alikuwa akipika chai na kufagia katika ofisi moja mjini. Siku hiyo, Jumamosi asubuhi, tulikuwa tumekaa kwenye jukwaa la kufulia tukichambua maharagwe.

“Mama Jacky, hizi milango zinangoja nini?”

“Zinangoja Sylvance ajenge,” akasema.

Sylvance alikuwa kaka mkubwa wa Tobias. Akanieleza jinsi mambo yalivyo kwao. Ndugu hawapitani. Mkubwa ndiye anayejenga kwanza, kisha mdogo, na mdogo akimruka mkubwa analeta chira, laana inayokula watoto. Na mwanamke asiye na nyumba kwa mumewe ni mgeni tu. Kibanda cha ujana wa Tobias kilianguka wakati wa mvua za El Niño, na tangu hapo Apondi akienda kwao kwa mazishi huwa analala jikoni kwa mke wa shemeji, au anarudi Nairobi jioni ileile. Akifa hivyo, hana mlango wa kulazwa ndani yake. Mimi ni Mbukusu, sisi nasi tuna yetu, kwa hivyo sikumcheka.

“Na Sylvance hajengi kwa nini?”

“Ameokoka. Ana kanisa lake Njiru na nyumba yake hukohuko. Anasema mila ni kifungo.”

Nikasema basi Tobias naye ajijengee, aliyeokoka si amejitoa? Hapo Apondi akaacha kuchambua. Akaniambia kwamba Tobias aliwahi kuanza. Mwaka 2001, likizo ya Agosti, alikwenda kwao akachimba msingi, na mtoto wao wa kwanza, Okumu, mvulana wa miaka tisa, akawa anamshikia kamba. Wiki ya pili Okumu alishikwa na homa akafa. Kwenye mazishi shangazi mmoja akasema kwa sauti, mbele ya watu, “Amemruka kaka yake, haya ndiyo malipo.” Baada ya kuzika, Tobias alichukua jembe akaufukia msingi wote peke yake, tangu asubuhi mpaka jioni, na tangu siku hiyo jina la mtoto halikutajwa tena nyumbani mwao.

“Wewe uliyaamini yale maneno?” nikamuuliza.

“Hata siku moja. Sijawahi kumlaumu. Lakini yeye sijui anaamini nini, hatujawahi kuzungumza.” Akanishika mkono. “Usimwambie nimekueleza, Mama Masinde. Akisikia nimelitaja jina la Okumu kwa jirani ataona nimemshtaki. Niahidi.”

Nikaahidi. Mimi watu wananijua kwa mdomo wangu, ila ahadi yangu naishika, na ile niliishika vizuri sana.

Basi miaka ikapita hivyo. Jacklyne, binti yao aliyebaki, akakua, akamaliza shule, akapata kazi ya duka la dawa. Tobias alistaafu, akawa karakanani tangu chai ya asubuhi. Kila Desemba alivaa koti akaenda Njiru kumbembeleza kaka yake, kila Desemba akarudi na kalenda ya kanisa, na kesho yake unamsikia anapiga randa. Milango ilipomalizika kabisa alianza kuifumua na kuiunga upya. Alibadilisha bawaba. Alibadilisha vitasa. Mlango wa mbele aliupiga msasa mara nyingi hivi kwamba nilimwambia ataumaliza ubaki kadibodi.

Mwaka juzi Apondi alianza kukwamwa na chakula. Kwanza ilikuwa nyama, kisha ugali, kisha hata mkate uliochovywa kwenye chai. Alisema ni vidonda vya tumbo. Alipokubali kwenda hospitali walimwingiza kamera kooni, na daktari akamwita Jacklyne pembeni. Ilikuwa saratani ya umio na ilikuwa imeshuka mbali. Yule mwanamke mrefu alikonda mpaka leso ikawa inamzunguka mara mbili. Nilikuwa nikimpikia uji mwepesi na kuuchuja kwa kitambaa, naye anakunywa vijiko vitano, anapumzika, anakunywa vingine vitatu.

Hakulia mbele yangu. Aliomba kitu kimoja tu, na alikiomba mbele yetu sote, Tobias akiwa amesimama mlangoni na vumbi la mbao kwenye nyusi.

“Mimi sitaki kupelekwa India kutibiwa. Nataka nyumba yangu. Nilale kwangu nikiwa hai, nifungue mlango wangu asubuhi watu wanione. Baba Jacky, unanisikia?”

“Nakusikia,” Tobias akasema.

Jacklyne hakuwa na subira ya wazazi wake. Alinifuata bombani akasema, “Mama Masinde, mathe anaumia, na huyu mzee anapiga tu randa. Mwambie kitu. Wewe anakuogopa.”

Nikamwambia Tobias, tena kwa sauti ambayo safu nzima ilisikia. Nikamwambia nyumba ya mtu haijengwi Mbotela. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba Jumapili tutakwenda wote Njiru.

Tulikwenda, Apondi amejifunga shuka mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Sylvance alikuwa na nyumba ya mawe na kanisa la mabati ubavuni mwake. Sikumchukia, na nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alimsaidia shemeji yake kukaa, akamwekea mto mgongoni, akatuombea. Walizungumza Kiswahili kwa heshima yangu.

“Tobias, mdogo wangu, nimekuambia mara ngapi? Jenga. Mimi simkatazi mtu. Nimekuruhusu mbele za Mungu.”

“Ruhusa haitoshi, kaka,” Tobias akasema. “Lazima nyumba yako isimame kwanza, ulale ndani, ndipo yangu ifuate.”

“Nani amesema?”

“Ndivyo ilivyo.”

“Sina haja ya nyumba kule.”

“Nitakujengea mimi. Wewe uje ulale siku moja tu.”

Sylvance akamtazama Apondi. Kisha akasema, “Sawa. Kwa ajili ya huyu mama, jenga. Nitakuja.”

Tulirudi tukiwa na furaha, nakiri. Hata Apondi alicheka njiani akaziba mdomo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nyumba hiyo itajengwa kwa mbao gani.

Lori lilikuja wiki iliyofuata. Turubai ikaondolewa, na kwa mara ya kwanza niliona rangi halisi ya ukuta wangu. Vilipakiwa vyote, fremu, kenchi, milango kwa namba zake. Apondi alitoka akasimama kwa kushikilia nguzo ya nguo. Wapakizi walipoubeba mlango wa mbele, akanyoosha kidole.

“Huo si ni wangu?”

“Ni wa Sylvance kwanza,” Tobias akasema. “Wako nitaunda mwingine, mzuri zaidi.”

“Lini?”

Tobias akajifanya anaikaza kamba ya mzigo.

Nyumba ya Sylvance ilichukua miezi mitano. Miezi mitano! Angepiga matope na fito wiki moja ingetosha, kwa mtu ambaye hakusudii kuishi humo. Lakini Tobias alichimba msingi wa futi tatu. Alichoma matofali. Fundi wa kijijini alipoinua ukuta ukapinda kidogo, Tobias aliubomoa kwa mikono yake. Kila alipokuja Nairobi kumwona mkewe alikuwa na nyufa za saruji vidoleni, na mimi nilimkuta karakanani akiunda dirisha jingine kwa sababu moja lilipata ufa njiani.

“Baba Jacky,” nikamwambia, na hapo sikuwa natania tena, “hiyo plasta unampakia nani? Sylvance atalala usiku mmoja atoke. Mke wako anakwisha.”

“Ikifanywa ovyo itahesabika haikufanywa,” akasema. “Halafu nijenge yangu juu ya makosa? Jacky ndiye aliyebaki, Mama Masinde. Jacky peke yake.”

Nilijua anamwaza nani: Okumu. Ulimi ulinikaa tayari mdomoni. Nikakumbuka niliahidi, nikanyamaza, nikaenda kuchuja uji.

Februari nyumba ilikamilika. Jacklyne alinionyesha picha kwenye simu: ukuta mweupe, mabati mapya, na mlango ule wa mvule unang’aa. Sasa kilichobaki ni Sylvance kwenda kulala. Tobias akampigia. Sylvance akasema ana mfungo wa siku ishirini na moja kanisani. Mfungo ulipokwisha akasema kuna mkutano wa maombi na wageni wameshaalikwa, ila baada ya Pasaka lazima atakwenda, hata tarehe ameiandika. Tobias akasema, “Asante, kaka.” Asante! Nilimpokonya simu mkononi, ila Sylvance alikuwa amekwisha kukata.

Wakati huo Apondi hakuweza tena uji. Jacklyne alikuwa akimlowesha midomo kwa pamba. Alasiri moja, wakati Tobias yuko nyuma anapima mbao za mlango mpya, Apondi aliniita nikae kitandani. Sauti yake ilikuwa ndogo, nikainama.

“Mama Masinde, mimi nitarudi kule kama nani?”

Nilimwambia atarudi kama mama wa boma. Niliongopa, na alijua. Alifariki Jumanne ya wiki ya Pasaka, saa tisa mchana, randa inasikika ukutani. Jacklyne ndiye aliyekwenda nyuma kumwambia baba yake. Randa ikanyamaza. Nilipochungulia nilimkuta Tobias ameketi juu ya mlango usiokwisha, mikono magotini, kama mtu aliyeagizwa angoje hapo.

Jioni hiyo ilibidi ampigie simu baba yake mdogo, Mzee Nyangweso, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki kule Ugenya. Nilikuwepo. Alimwambia msiba, kisha akasema kwa aibu kwamba hana nyumba ya kumlaza mkewe na Sylvance bado hajalala kwake, sasa hajui la kufanya. Kisha nikasikia sauti ya mzee, kavu na wazi.

“Njooni. Nyumba itakuwepo.”

Tulitangulia siku moja kabla ya mwili: Tobias, Jacklyne na mimi. Tulifika asubuhi. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, wanaume kama kumi na watano, wengine na mapanga, wengine na jembe. Nguzo za mkaratusi zilikuwa zimelala chini zikiwa bado na magome. Mzee Nyangweso, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, alitupa mkono wa pole, kisha akageuka akawaambia vijana wachimbe.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Kufikia saa nne mashimo yalikuwa tayari. Saa sita nguzo zilisimama na fito zimefungwa kwa misumari na kamba. Wanawake walikanyaga udongo na kuukandika kwa mikono, wanapiga kelele za kazi na huku wanalia. Saa tisa mabati mazee, yaliyotolewa kwenye zizi la mtu, yalikuwa juu. Mlango ulikuwa kipande cha bati kilichopigiliwa kwenye mbao tatu. Tobias alizunguka zunguka na pimamaji yake mfukoni. Aliona nguzo ya kona imeinama, akaenda akaishika kuinyoosha, na mmoja wa wale wanaume akamtoa mkono taratibu akasema, “Acha tu, mzee. Inatosha.”

Upande wa pili wa boma, hatua thelathini hivi, ilisimama ile nyumba nyeupe ya Sylvance imefungwa. Jacklyne hakuweza kuvumilia.

“Toeni ule mlango mlete huku!” akapiga kelele. “Ni wa mum ule! Si baba alimtengenezea yeye?”

Hakuna aliyesogea. Mzee Nyangweso alimfuata akamkalisha kwenye kiti, akampa maji. Jacklyne akayashika bila kunywa, kisha akauliza swali ambalo mimi pia lilikuwa linanikereketa.

“Babu, baba mkubwa Sylvance hajalala kwake. Sasa hii mnajenga haina makosa? Hamtaniua na mimi?”

Mzee alishangaa. Alimtazama Tobias, aliyekuwa amesogea kusikiliza.

“Nani amekutisha hivyo?” akasema. Akaonyesha nguzo moja fupi iliyochomekwa ardhini upande wa Sylvance, kando ya ile nyumba nyeupe. “Ile unaiona? Nimeichomeka leo alfajiri, nikakaa chini yake mpaka jua likatoka. Imekwisha. Mkubwa aliyekataa kujenga, au aliyepotea, au yuko mbali, tunamsimamishia nguzo, mzee mmoja anamkalia asubuhi moja, na mdogo anaendelea. Mimi mwenyewe nilimpita kaka yangu hivyo alipopotelea Tanganyika.”

“Asubuhi moja,” Tobias akasema.

“Hata asubuhi haiishi.”

“Na hii nyumba niliyomjengea Sylvance?”

“Hiyo hatukuelewa. Tulidhani Sylvance amebadili moyo.”

Tobias akavua kofia. “Baba mdogo, mbona sikuambiwa?”

“Ulimuuliza nani?” Mzee hakusema kwa ukali. “Umekuja hapa mazishi mangapi tangu ufukie ule msingi? Unakuja asubuhi, unasimama nyuma ya watu, jioni umeondoka. Sisi tukasema huyu ni mtu wa Nairobi, hataki nyumba ya kijijini. Watu wa Nairobi ndio walivyo.”

“Niliogopa kuuliza.”

“Ukiogopa nini?”

Tobias akaitoa pimamaji mfukoni akaigeuza mkononi. “Kwamba utaniambia ni mimi niliyemuua Okumu.”

Kazi ilikuwa inaendelea nyuma yetu, mtu anapigilia msumari wa mwisho wa bati. Mzee Nyangweso alingoja nyundo inyamaze.

“Okumu aliuawa na malaria,” akasema. “Nilimbeba mimi kwa baiskeli mpaka zahanati, hawakuwa na dawa, nikambeba mpaka ya pili, akafia mgongoni kwangu. Hilo hapa kila mtu analijua. Aliyesema yale maneno ni marehemu Amondi, shangazi yako, ambaye hata mvua isiponyesha alimtafutia mtu wa kulaumu. Kesho yake alikuwa ameyasahau.”

Tobias alikaa chini pale pale kwenye udongo uliokuwa umebaki. Sikuwahi kumwona amekaa mahali pachafu. Alitazama ile nyumba ya siku moja, imepinda upande, inatoa maji ukutani, na nyuma yake ile ya miezi mitano.

“Apondi naye aliamini hivyo,” akasema. “Ndiyo maana hakuwahi kumtaja.”

Hapo ahadi yangu ikaniponyoka, ikiwa imekwisha kufanya kazi yake yote.

“Hapana,” nikasema. “Hakuamini hata siku moja. Hakukulaumu. Aliniambia mwenyewe, ila alikuwa anakuogopea wewe.”

Akainua macho. “Alikuambia lini?”

“Mwaka wangu wa pili pale.”

Nilimwona anahesabu. Ni mtu wa vipimo, hakukosea.

“Miaka kumi na tisa,” akasema. “Mama Masinde, mbona hukuniambia?”

Mimi niliyemfokea mbele ya safu nzima kwa ajili ya harufu ya oili, kwa ajili ya rafu, kwa ajili ya msasa, hilo moja ndilo nililomficha. Jacklyne naye alikuwa ananitazama, bilauri ya maji bado mkononi. Nilifunga leso yangu upya kiunoni, nikaenda kuwasaidia wanawake kumenya viazi, kwa sababu mwili ulikuwa unaingia kesho na watu wangehitaji kula.